Vipimo na uzito: kinachoipata picha kabla haijafika mtandaoni

Muuza kanga anapotundika doti mpya ukutani, akaipiga picha kwa simu na kuwatumia wateja wake, huitaka picha hiyo ionyeshe rangi za mji na pindo kama zilivyo, ionyeshe nakshi bila kuzichanganya, na zaidi ya yote ilifanye jina lisomeke, kwa kuwa mnunuzi wa kanga hununua maneno kama anavyonunua kitambaa. Mara nyingi picha huondoka kwenye simu ya muuzaji ikiwa safi, ikamfikia mteja wa Tanga, Mombasa au Maskati ikiwa na ukungu kuzunguka herufi, na wekundu umevuja hadi kwenye weusi. Mteja huuliza kanga imeandikwa nini, muuzaji hulazimika kumwandikia, na lawama huangukia simu au mtandao. Kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Picha imepunguzwa na kubanwa njiani, na iliyofanya hivyo ni programu isiyojua kwamba katika picha hiyo jina ndilo lililokuwa muhimu kuliko ukuta.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza kutenganisha vipimo na uzito. Tunaposema kwamba picha ni kubwa, huenda tunamaanisha kwamba ina pikseli nyingi, yaani vitone vya rangi vinavyoiunda, kwa upana na kwa kimo, au huenda tunamaanisha kwamba faili lake lina megabaiti nyingi na linakula bando linapotumwa. Mambo haya yanahusiana lakini si jambo moja, na kila moja lina dawa yake. Kupunguza vipimo ni kubadilisha idadi ya pikseli. Kubana ni kuacha idadi ile ile ya pikseli na kutafuta namna fupi zaidi ya kuziandika. Picha yenye pikseli chache inaweza kuwa nzito ikiwa haijabanwa, na yenye pikseli nyingi inaweza kuwa nyepesi ikiwa imebanwa hadi ikaharibika. Nadhani nusu ya matatizo ya picha mtandaoni hutokana na mtu kutumia dawa ya uzito pale palipohitaji dawa ya vipimo.

Picha ya kidijitali ni kama pambo la shanga lililotungwa kwa mistari, kila ushanga na rangi yake moja tu. Kamera ya megapikseli 12, kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi katika simu, hutoa shanga, yaani pikseli, 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, yaani 12,000,000 kwa jumla. (Simu nyingi zinazotangazwa kuwa na megapikseli 48 au 50 huunganisha pikseli nne nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12 hivi, mpaka mtumiaji aagize vinginevyo.) Rangi ya kila pikseli huandikwa kwa namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu, na kila namba huchukua baiti moja. Picha hiyo ikihifadhiwa bila kubanwa itakuwa na megabaiti 36. Lakini ukiangalia ukubwa wa faili katika simu yako utakuta megabaiti tatu, nne au tano tu. Maana yake ni kwamba simu imekwisha kuibana picha mara moja kabla hujaigusa, na chochote utakachofanya baadaye ni mbano wa pili.

Sasa angalia upande wa anayepokea. Skrini yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, ambayo ni ya kawaida kwa simu na kompyuta nyingi, ina pikseli milioni mbili na kidogo. Picha ya pikseli milioni 12 ikionyeshwa humo, simu ya mteja hulazimika kuipunguza papo hapo, na takriban pikseli tano kati ya kila sita hazionekani mpaka aikuze kwa vidole, ilhali bando la kuzipakua zote limekwisha kulipwa. Muuzaji mwenye kanga 40 akizituma kila moja kwa megabaiti 4 atakuwa ametuma megabaiti 160. Akizipunguza na kuzibana vizuri hadi kilobaiti 300 kila moja, mzigo wote unakuwa megabaiti 12. Kwenye mtandao unaopitisha megabiti 2 kwa sekunde, mzigo wa kwanza huchukua karibu dakika 11 na wa pili sekunde 48. Hesabu hiyo inategemea kukumbuka kwamba kasi ya mtandao hutajwa kwa biti na uzito wa faili hutajwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane, jambo ambalo matangazo ya kampuni za simu hayalisisitizi.

Kupunguza vipimo

Tuseme picha ya kanga inapunguzwa kutoka upana wa pikseli 4,000 hadi 1,600. Kimo kitashuka kutoka 3,000 hadi 1,200 ikiwa uwiano wa pande mbili umelindwa, na ni lazima ulindwe, kwani usipolindwa kanga itaonekana imevutwa kama nguo iliyoanikwa ikiwa bado inachuruzika. Upana umegawanywa kwa 2.5 na kimo vilevile, kwa hiyo kila pikseli mpya inachukua nafasi ya pikseli sita na robo za zamani. Hapo ndipo ulipo uamuzi ambao watumiaji wengi hawajui kwamba unafanywa: pikseli hiyo moja itapewa rangi gani?

Njia rahisi kuliko zote ni kuchagua moja kati ya zile sita na kuzitupa zilizobaki. Ni ya haraka, lakini mistari ya mshazari huwa na vidato kama ngazi, na mistari myembamba inayokaribiana, kama ya kikoi au ya wavu wa dirisha, huzaa mawimbi ya ajabu ambayo hayamo katika kitambaa chenyewe. Mawimbi hayo hutokea kwa sababu hatua za kuchagua pikseli na hatua za mistari ya kitambaa hazilingani, hivyo mahali pengine mstari mweupe huchaguliwa mara mbili mfululizo na mahali pengine haupati nafasi kabisa. Njia bora huchanganya pikseli zote za jirani kwa uzani maalumu, zilizo karibu zikihesabiwa zaidi kuliko zilizo mbali. Katika programu za kuhariri picha njia hizi huitwa kwa majina kama Bicubic na Lanczos, na ukipewa nafasi ya kuchagua, yoyote kati ya hizo mbili inafaa kwa picha ya kamera. Kuchanganya huko hulainisha kingo kidogo, ndiyo maana wapiga picha wengi huongeza ukali kidogo baada ya kupunguza vipimo. Anayeongeza ukali kabla ya kupunguza hupoteza kazi yake, kwa kuwa ule ukali nao utachanganywa na kulainishwa.

Swali la maana zaidi ni kupunguza hadi wapi, na kwa kanga jibu linaweza kupatikana kwa hesabu. Kanga moja ina upana wa takriban sentimita 150. Ikiijaza picha ya pikseli 4,000, kila sentimita ya kitambaa ina pikseli 26 na zaidi. Tuseme herufi za jina, labda *Japo sipati tamaa sikati*, zina kimo cha sentimita nne. Katika picha ya awali kila herufi ina kimo cha pikseli 107 hivi. Katika picha ya pikseli 1,600 inabaki na 43, ambazo zinatosha bila shida. Katika picha ya pikseli 400 inabaki na 11, na hapo msomaji husoma kwa kukisia. Katika kijipicha cha pikseli 200 zinabaki tano, na herufi S haiwezi kutofautishwa na alama ya vumbi. Hesabu hii haikujali ubora wa kamera wala bei ya simu. Inajali tu jina limepewa pikseli ngapi, na ndiyo sababu muuzaji anayerudi nyuma hatua tatu ili ukuta wote uingie katika picha amekwisha kupoteza nusu ya pikseli zake kabla hajapunguza chochote. Kukata kingo zisizohitajika ni njia ya kupunguza uzito isiyoidhuru kanga hata kidogo, na ajabu ni kwamba ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Safari hii haina kurudi. Picha iliyoshushwa hadi pikseli 400 ikipandishwa tena hadi 1,600 haitaonyesha tena kilichotupwa. Programu itajaza nafasi kwa kuchanganya jirani, na matokeo yake ni ukungu mkubwa zaidi. Programu za akili bandia zinazodai kurudisha ukali hubuni kile ambacho huenda kilikuwepo, na zinapokutana na maandishi yaliyofifia zinaweza kuandika herufi zisizo za lugha yoyote.

Ndani ya JPEG

Mbano unaotumika zaidi kwa picha za kamera unaitwa JPEG, jina linalotokana na kamati ya wataalamu iliyoundwa mwaka 1986 na ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1992. Moyo wake ni mbinu ya hisabati iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Marekani katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Ahmed amewahi kusimulia kwamba mwaka 1972 aliomba fedha za kuifanyia utafiti akanyimwa. Karibu kila picha inayotembea kwenye simu zetu imepitia mbinu hiyo au mojawapo ya jamaa zake.

Kwanza, JPEG huacha kuitazama picha kama nyekundu, kijani na bluu, na kuigawa upya katika tabaka la mwangaza na matabaka mawili ya rangi. Tabaka la mwangaza ndilo lingekuwa picha nyeusi na nyeupe. Sababu ya kugawa hivyo ni jicho la binadamu, ambalo hutambua tofauti ndogo za mwanga na giza kwa wepesi sana lakini ni zito katika kutambua mipaka midogo ya rangi. Kwa kuwa jicho halilalamiki, matabaka ya rangi mara nyingi hupunguzwa hadi nusu ya upana na nusu ya kimo. Pikseli nne hubaki na mwangaza wao wenyewe, kila moja na wake, lakini hugawana rangi moja. Kwa hatua hiyo peke yake nusu ya data imeondoka, na katika picha ya uso wa mtu au ya bahari hutaona tofauti.

Katika kanga utaiona, na hapa kisutu ni mfano mzuri kuliko wowote ninaoujua. Kisutu ni kanga ya harusi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye nakshi ndogo zinazokaribiana. Mpaka kati ya nyekundu na nyeupe hauna shida, kwa sababu nyeupe ina mwangaza mwingi zaidi na tabaka la mwangaza huuhifadhi mpaka huo kwa ukamilifu. Mpaka kati ya nyekundu na nyeusi una shida. Katika hesabu ya mwangaza inayotumiwa na JPEG, kijani huchangia karibu asilimia 59, nyekundu karibu asilimia 30 na bluu karibu asilimia 11, kwa hiyo nyekundu iliyokoza haiko mbali sana na nyeusi kwa mwangaza. Sehemu kubwa ya mpaka wao imebebwa na matabaka ya rangi, yale yale yaliyopunguzwa hadi nusu. Matokeo yake ni wekundu unaoonekana kuvuja. Kitambaa hakichuji; ni faili ndilo linalochuja. Baadhi ya programu huruhusu matabaka ya rangi yabaki na vipimo vyao kamili, na kwa nguo zenye nyekundu nyingi chaguo hilo linastahili kilobaiti zitakazoongezeka.

Baada ya hapo kila tabaka hukatwa vipande vya mraba vyenye pikseli nane kwa nane, yaani 64 kila kimoja. Tabaka la mwangaza la picha yetu ya pikseli milioni 12 lina vipande 187,500. Mbinu ya Ahmed huchukua namba 64 za kipande na kuziandika upya kama namba 64 nyingine zenye maana tofauti. Ya kwanza husema wastani wa mwangaza wa kipande kizima. Zinazofuata husema mwangaza huo unapanda na kushuka kwa kiasi gani, kuanzia mabadiliko ya polepole, kama kivuli kinachoingia taratibu, hadi mabadiliko ya kasi, kama uzi mweupe kando ya uzi mweusi. Hadi hapo, ukiacha makosa madogo ya kukadiria, hakuna kilichopotea. Picha inaweza kurudishwa kama ilivyokuwa.

Upotevu hasa huja katika hatua inayofuata, ambapo kila namba hugawanywa kwa kigawanyo kilichopangwa katika jedwali na jibu hukadiriwa hadi namba nzima. Vigawanyo vya mabadiliko ya polepole ni vidogo, vya mabadiliko ya kasi ni vikubwa. Namba 37 ikigawanywa kwa 10 na kukadiriwa inakuwa 4, na wakati wa kuifungua picha 4 huzidishwa kwa 10 kuwa 40: si 37, lakini ni karibu. Namba 12 iliyo upande wa mabadiliko ya kasi ikigawanywa kwa 60 inakuwa sifuri, na sifuri ikizidishwa kwa chochote ni sifuri. Maelezo hayo yametoweka daima. Katika kipande cha ukuta mweupe karibu namba zote 63 zinazofuata ya kwanza huwa sifuri, na msururu wa sifuri huandikwa kwa ufupi mno kwa kutumia misimbo iliyochapishwa na David Huffman mwaka 1952, alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT. Ndiyo maana ukuta mtupu haugharimu takriban chochote.

Herufi ni kinyume cha ukuta. Ukingo mkali wa herufi nyeusi juu ya kitambaa cheupe hauwezi kuandikwa bila yale mabadiliko ya kasi, na yanapogeuzwa sifuri ukingo hujaribu kujengwa kwa mawimbi yaliyobaki, ambayo hayatoshi, nayo huacha vivimbe hafifu pande zote mbili za herufi. Huo ndio ule ukungu unaozunguka jina, unaofanana na mbu wanaozunguka taa. Mbano ukizidi, hata mipaka ya vile vipande vya nane kwa nane huanza kuonekana, na picha huwa kama sakafu ya vigae.

Maelezo haya yana tokeo ambalo wengi hulishangaa: mwanga wa kupigia picha hubadilisha uzito wa faili. Picha iliyopigwa katika duka lenye giza huwa na chenga, yaani vitone vidogo visivyo na mpangilio ambavyo kamera huvizalisha inapolazimika kukuza ishara hafifu. Kwa JPEG chenga ni mabadiliko ya kasi yaliyotapakaa kila mahali, hata ukutani, na haina njia ya kujua kwamba si nakshi. Hutumia baiti nyingi kuzihifadhi, au huzifuta pamoja na nakshi halisi. Kutoa kanga nje kwenye kivuli chenye mwanga mwingi hupunguza kilobaiti na kuongeza uzuri kwa pamoja, na hakuna kitufe cha programu yoyote kinachofanya yote mawili.

Namba ya ubora

Programu nyingi humpa mtumiaji kipimo cha ubora cha kuanzia 0 au 1 hadi 100, na watu wengi hukisoma kama asilimia. Si asilimia. Ni namna tu ya kukuza au kupunguza vile vigawanyo vya jedwali, na kila programu ina jedwali lake, hivyo 80 ya programu moja si lazima ilingane na 80 ya nyingine; Photoshop katika sehemu yake moja hutumia kipimo kinachoishia 12. Hata 100 haimaanishi kwamba hakuna kilichopotea, kwani makadirio bado yanafanyika.

Uzito hauongezeki sambamba na namba hiyo. Kutoka 95 hadi 100 faili linaweza kuvimba sana huku jicho likikosa cha kuona, na kutoka 75 hadi 85 tofauti ya uzito ni ya wastani. Kwa picha za kawaida mimi huanzia 80, na kwa picha yenye maandishi au nakshi nyembamba huanzia 85 nikapanda kidogo ikibidi. Mtu mwenye picha ya pikseli 4,000 inayotakiwa kuwa chini ya kilobaiti 200, sharti ambalo fomu nyingi za maombi ya mtandaoni huliweka, akishusha ubora peke yake atafika kwenye 20 au 10 na kupata picha ya vigae. Akishusha vipimo kwanza, hadi pikseli 1,000 kwa mfano, atabakiwa na nafasi ya kutumia ubora wa kutosha.

Kila mara picha inapofunguliwa, kuhaririwa na kuhifadhiwa tena kama JPEG, hugawanywa na kukadiriwa upya. Kuhifadhi tena kwa namba ile ile bila kugusa chochote hakuleti madhara makubwa, kwa sababu namba zimekwisha kulala kwenye ngazi zake. Lakini ukikata ukingo wa kushoto kwa pikseli tatu, vile vipande vya nane kwa nane vyote vinahama, mipaka ya zamani inaingia katikati ya vipande vipya, na makosa mapya yanapandana na ya zamani. Picha iliyopita katika makundi matano ya WhatsApp, kila mmoja akiikata na kuiwekea maandishi yake, imepitia hayo mara tano. Kuifungua au kuitazama tu hakuichakazi, dhana ambayo bado naisikia.

Kinachofanywa na mitandao

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hushusha upande mrefu hadi pikseli zipatazo 1,600 na kuibana yenyewe. Mnamo Agosti 2023 iliongeza chaguo la kutuma kwa ubora wa juu zaidi, linaloonyeshwa kwa herufi HD, lakini mtumaji anapaswa kulichagua. Ikitumwa kama hati, picha hufika kama ilivyo, baiti kwa baiti. Instagram kwa miaka mingi imekuwa ikihifadhi picha kwa upana usiozidi pikseli 1,080. Ukiipelekea picha ya pikseli 4,000, itapunguzwa kwa njia ambayo hukuichagua na kubanwa kwa jedwali usilolijua. Ukiipelekea ya 1,080 uliyoipunguza mwenyewe na kuiongezea ukali kidogo, bado itabanwa, lakini hatua ya kuchanganya pikseli itakuwa imefanywa mbele ya macho yako, nawe umehakikisha jina linasomeka.

JPEG si muundo pekee. PNG, uliotolewa mwaka 1996, hubana bila kupoteza chochote, na unafaa kwa picha za skrini, nembo na michoro yenye rangi chache zilizo sawasawa. Kwa picha ya kamera huzalisha faili zito bila faida inayoonekana. WebP ya Google, ya mwaka 2010, kwa kawaida hutoa faili jepesi kuliko JPEG kwa sura ile ile na leo hufunguliwa na vivinjari vyote vikubwa. HEIC, ambayo simu za iPhone zilianza kuitumia mwaka 2017, nayo ni nyepesi, lakini tovuti nyingi za fomu huikataa na kompyuta za zamani hazijui kuifungua, kwa hiyo ni busara kuigeuza kuwa JPEG kabla ya kuituma. Kuzifunga picha za JPEG katika faili la zip hakupunguzi takriban chochote. Kilichokwisha kubanwa hakibaniki tena kwa njia hiyo.

Kuna pia namba ya dpi, inayowasumbua watu bure. Namba hiyo huiambia mashine ya kuchapa iweke pikseli ngapi katika inchi moja ya karatasi, na skrini haiijali. Picha ya pikseli 1,600 ni ile ile kwenye simu, iandikwe 72 au 300. Kwenye karatasi ina maana: picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikichapwa kwa 300 huhitaji pikseli 413 kwa 531, na ukurasa wa A4 huhitaji 2,480 kwa 3,508. Kwa hiyo nakala ya pikseli 1,600 haitoshi kwa bango, na picha ya awali iliyotoka kwenye kamera haipaswi kufutwa wala kuandikwa juu yake. Nakala ya mtandaoni ihifadhiwe kwa jina jingine.

Mbali na pikseli, faili hubeba maelezo yasiyoonekana: tarehe na saa, aina ya simu, na ikiwa kamera imeruhusiwa kujua mahali ilipo, nyuzi za latitudo na longitudo za pale picha ilipopigwa. Muuzaji anayepigia picha nyumbani kwake huenda anawapa wageni ramani ya mlango wake. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo inapotuma kama picha, lakini inapotuma kama hati huyaacha, kwa sababu faili halikuguswa. Programu nyingi za kupunguza picha zina chaguo la kuyafuta, ingawa ni lazima uhakikishe halijazimwa.

Kwa zile kanga 40, basi, mpangilio unaoheshimu yote haya huanzia kwenye kivuli chenye mwanga, kanga ikijaza picha, kisha kingo hukatwa, upana hushushwa hadi pikseli 1,600, ukali huongezwa kidogo, na mwisho kabisa faili huhifadhiwa mara moja tu kama JPEG ya ubora wa 85 hivi. Kazi hiyo inaweza kufanywa bila malipo kwa programu ya GIMP kwenye kompyuta, au kwa Squoosh, iliyotengenezwa na Google, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kuipeleka picha kokote na inayoonyesha picha ya kabla na ya baada zikiwa bega kwa bega. Picha ya kwanza ijaribiwe kwenye simu ya bei nafuu, skrini ikiwa katika mwanga wa kawaida. Jina likisomeka, zilizobaki 39 zifuate njia hiyo hiyo. Lisiposomeka ilhali picha inajaza skrini, kupandisha ubora hadi 95 hakutasaidia sana, kwa kuwa tatizo ni pikseli chache kwenye herufi. Kinachohitajika ni picha ya pili, ya jina peke yake, iliyopigwa kwa karibu.